Mbwa wa Kitongoji Kizima Langoni Kwangu

Asubuhi ile nilitoka na ndoo ya kwenda kukamua, nikasukuma geti la bati, likagoma. Nikasukuma tena. Upande wa pili kitu kikanguruma, kikajigeuza, kikalala palepale. Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Mbwa. Wala si mmoja. Walikuwa wametapakaa uwanjani kuanzia getini hadi kwenye zizi, wengine wamelala kwenye matope wakihema, wengine wamekaa wima wanatazama mlango wangu kama watu waliofika msibani wakakuta chakula hakijaiva. Wote madume.

Niliwajua mmoja mmoja, kwa sababu mbwa wa kwetu wanajulikana kama baiskeli za watu zinavyojulikana. Yule aliyelalia geti, mkubwa, wa kahawia, mwenye kifua cheupe, alikuwa wa mwenyekiti wa kitongoji. Mweusi aliyekatika sikio alikuwa wa jirani yangu wa upande wa korongo. Mwembamba mwenye mbavu za kuhesabika alitokea kwa fundi baiskeli. Hata yule mdogo wa manjano wa mzee anayelinda mashine ya kukamua alizeti, anayeburuta mguu wa nyuma tangu agongwe na mkokoteni, alikuwa amejikongoja kutoka huko kote akafika. Jike langu alikuwa ameingia kwenye joto, na habari ilikuwa imeshafika kila boma kabla mimi mwenyewe sijaamka.

Nieleze kwanza jambo moja, maana bila hilo mtu atadhani nilikuwa na bahati mbaya tu. Katika kitongoji chetu, upande huu wa Kinyangiri, mbwa jike hafugwi. Ukiuliza kwa nini utaambiwa jike anazaa ovyo, hana ukali, na analeta aibu mbele ya watoto. Basi watoto wa mbwa wanaletwa na wachuuzi siku ya mnada, ndani ya kikapu nyuma ya baiskeli, na kitu cha kwanza anachofanya mwanaume akimchagua mmoja ni kumgeuza tumbo juu. Akiona dume anatoa jogoo kuwa bei, anaondoka naye. Majike wanabaki kikapuni. Wanapelekwa wapi jua likizama sitaki kueleza, ila nilikwishaona mfuko wa sandarusi kando ya korongo na nikarudi nyumbani bila hamu ya kula.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nimekulia Itigi, karibu na reli, na kwetu tulikuwa na mbwa jike na sikumbuki ubaya wake. Kwa hiyo siku mchuuzi mmoja aliponiambia, "Mama, mchukue huyu bure, naona uzito tu wa kurudi naye," nilimtia kwenye kapu langu la kuku lililokuwa limeshabaki tupu. Alikua. Akawa analala mbele ya zizi, mvua na jua, haendi popote. Fisi walikuwa wanapita, tunaona nyayo zao asubuhi, lakini mbuzi wangu hawakuguswa. Mume wangu yuko Sekenke kwenye machimbo, anakuja akipata au akikosa kabisa, kwa hiyo nyumba ni mimi, binti yetu anayesoma sekondari, na huyo mbwa. Nikisema alikuwa mlinzi wetu sisemi kwa mapenzi ya mnyama, nasema kwa sababu hatukuwa na mwingine.

Sasa mlinzi wangu alikuwa amekuwa shughuli ya kitongoji.

Siku za mwanzo jike anaita kwa harufu lakini hataki mtu. Hilo madume hawakulielewa, au walilielewa wakaamua kulipuuza. Dume akimsogelea anakalia mkia. Akisogea tena anang'atwa pua, analia, anaondoka hatua chache, anasahau, anarudi. Nilikuwa nikipepeta uwele huku natazama, na nakiri nilikuwa nacheka siku ya kwanza. Siku zilizofuata sikucheka. Walikula mayai. Walivunja minyaa ya ua mpaka utomvu ukawa unatiririka, nikamfungia binti yangu dirisha asije akarushiwa machoni. Walipindua sufuria ya maziwa. Walipigana juu ya vitanda vyangu vya mchicha, na nilipotoka na fagio walinitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye mgeni pale.

Dume la mwenyekiti lilikuwa limejipa kazi moja, kulalia geti. Halikula wala kunywa. Mbwa yeyote aliyejaribu kupita lilimrukia, likamuuma, likarudi kulala. Nadhani lilifikiri likikaa pale jike ni lake. Kumbe jike ana miguu minne na ua wangu una matundu. Mchana mmoja lile la mwenyekiti na yule mweusi wa jirani walishikana kweli, matope yanaruka, wengine wote wamezunguka kutazama kama vijana kwenye ngumi. Mimi nilikuwa nafua. Nikamwona jike anainuka taratibu, anajinyoosha, anapita chini ya minyaa upande wa nyuma, anakwenda kwenye jalala la majivu. Kule alikuwa amelala yule kilema wa mzee wa mashine, aliyekuwa hajapigana na mtu wala kusogea getini tangu afike. Ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Wakanasana, kama mbwa wanavyofanya, huyu anatazama huku na huyu kule, na ndipo watoto wa shule ya msingi wakatokea na mawe. Nikawafukuza. Jirani yangu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya korongo, "Mama, wamwagie maji! Hiyo ni aibu gani mchana kweupe?" Nikamjibu kwamba mbwa wake mweusi yuko hapa tangu juzi, aje amwagie maji wake kwanza. Hakuja.

Keshoye jike alilikubali lile la mwenyekiti. Baadaye akamkubali na mweusi. Watu walimtukana sana kwa hilo, na lugha waliyotumia sitairudia, lakini mimi niliyekuwa napika hatua chache kutoka pale sikumlaumu hata kidogo. Kila dume aliyemkubali alikwenda kulala, akanyamaza. Kila aliyemkataa aliendelea kuparua ukuta wangu. Angeshikilia mmoja tu, wengine wangenibomolea nyumba na yeye akiwa ndani.

Nilikuwa nahesabu kwamba mambo yanakaribia kuisha ndipo fisi walipoingia.

Nadhani kila mtu mwenye akili alikuwa ameshaona jambo hilo linakuja. Mbwa wote wa kitongoji wako kwangu. Maboma yote mengine hayana hata wa kubweka. Fisi si wajinga. Waliingia kwa mwenyekiti, wakapasua ua wa miiba, na asubuhi wakakutwa mbuzi wake wengine wamekufa zizini, wengine hawapo kabisa. Usiku uliofuata wakaingia kwa fundi baiskeli. Kwangu hawakuja, bila shaka, nani angekuja kwenye uwanja wenye mbwa wa kitongoji kizima? Na hilo nalo likahesabiwa kuwa kosa langu.

Mkutano uliitwa kwenye ghala la alizeti, lililokuwa tupu kwa sababu mavuno yalikuwa bado. Wanaume walikaa kwenye marundo ya magunia matupu, wanawake tukakaa chini. Mke wa mwenyekiti alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, macho yamevimba. Mwenyekiti alisimama. Si mtu mbaya, nilikuwa namheshimu, hata binti yangu alipomwamkia shikamoo mlangoni alimwitikia vizuri na kumuuliza habari za masomo. Lakini aliposimama mbele ya watu alikuwa ameshaamua.

"Mama," akaniambia, "sisi wote tunaishi kwa mifugo. Mbuzi wangu wamekwisha. Wewe unafuga kitu ambacho hapa hakifugwi, na kimetuondolea walinzi. Tunakuomba kwa heshima umwondoe huyo jike. Umuue au umtupe mbali, ni wewe. Lakini mnada ujao usimkute hapa."

Watu wakaitikia. Jirani yangu akaongeza kwamba sumu anayo, kama mimi naona huruma.

Ghala lilelile, magunia yaleyale, mwaka uliopita tulikaa kuzungumza habari ya vijana wa bodaboda waliokuwa wanaegesha kwenye daraja na kuwazuia wasichana wanaotoka sekondari. Wanawashika mikono, wanawavuta mabegi, wanawaambia mambo. Tulizungumza mchana mzima. Na uamuzi uliotoka ulikuwa kwamba wasichana watembee kwa kundi, wasichelewe, wasicheke njiani, na wazazi tuwachunge mabinti zetu. Vijana hawakuitwa hata kuulizwa. Tangu siku hiyo binti yangu aliacha mazoezi ya kwaya kwa sababu yanaisha jioni, na alikuwa anapenda kuimba kuliko kula.

Basi nikasimama. Nikasema, "Poleni kwa mbuzi wa mwenyekiti, lakini jike langu hajatoka kwangu. Hajaingia boma la mtu yeyote. Walioacha kazi yao ni madume wenu. Mbona hakuna hapa anayesema wafungwe? Chukueni kamba, kila mtu amfuate mbwa wake, amfunge kwenye zizi lake. Fisi watasikia sauti, na mimi nitalala."

Wakacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha kumcheka mtoto aliyeuliza kwa nini ng'ombe hali ugali. Mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba dume hafungwi, ukimfunga anaharibika, anakuwa mwoga. Mwingine akasema, "Huyo mama ni wa relini, hajui mbwa." Mkutano ukafungwa. Nikarudi nyumbani nimeshika mkono wa binti yangu kwa nguvu mpaka akaniambia, "Mama, unaniumiza."

Nilimpigia simu mume wangu. Nilidhani angalau yeye atakasirika kwa niaba yangu. Akasikiliza, nyuma yake mashine ya kusaga mawe inanguruma, kisha akasema, "Si ufanye tu wanavyotaka? Mbwa ni mbwa. Utagombana na watu kwa ajili ya mbwa?" Nilimuuliza nani atalinda mbuzi akishauawa. Akasema tutapata dume zuri mnadani. Nikakata simu, nikajifanya salio limeisha.

Nilijaribu kumfungia jike kwenye stoo. Ilikuwa mbaya zaidi. Madume walichimba msingi wa tofali mbichi mpaka kona ikaanza kumeguka, na yeye ndani analia kama mtoto. Binti yangu akafungua mlango bila kuniuliza. Sikumgombeza, nilikuwa nimeshachoka. Siku ya mnada ilikuwa inakaribia na jirani yangu alikuwa ameniuliza mara mbili, kwa ujirani mwema kabisa, kama nimeamua kuhusu ile sumu.

Aliyeniokoa ni chanjo. Bwana mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu si zamani, alikuja na pikipiki na boksi lake la barafu kuchanja mbwa wote dhidi ya kichaa. Tangazo lilikuwa limetolewa kanisani na msikitini: kila mtu alete mbwa wake ofisini, amefungwa kamba. Akakaa ofisini peke yake. Hakuna mbwa. Alipouliza akaambiwa mbwa wote wako kwa mama yule wa Itigi. Akawasha pikipiki, akaja, akasimama getini kwangu anatazama uwanja, na nilimwona anajizuia asicheke.

"Shikamoo, mama. Hii ndiyo ofisi yangu leo?"

Nikamwitikia, nikamwambia akae, na nikamweleza yote, pamoja na ya ghalani. Akatuma watu waitwe. Wakaja wanaume wa kitongoji mmoja mmoja, kila mmoja na kamba ya katani mkononi, kwa sababu bila kumshika mbwa wako hachanjwi, na kichaa wanakiogopa kuliko fisi. Ilikuwa kichekesho. Waliwashika kwa urahisi, madume wenyewe walikuwa hawana nguvu hata za kukimbia. Lile la mwenyekiti lilikuwa limekonda mpaka ngozi inaning'inia. Mwenyekiti alilitazama kama mtu anayemtazama kijana wake aliyerudi kutoka mjini.

Wakati anachanja, bwana mifugo alikuwa anazungumza. Akasema hata kwa fisi waliokula mbuzi, aliyeongoza kundi kwa vyovyote ni jike. Kwa fisi majike ndio wakubwa, wanakula kwanza, dume linasubiri masalia, na likitaka jike, linakuja limeinamisha kichwa, miezi na miezi, linafukuzwa na kurudi, halithubutu kulazimisha. Watu wakaguna. Jirani yangu akasema kila mtu anajua fisi ni jike na dume kwa pamoja. Bwana mifugo akasema hapana, ni kwamba jike lake lina maumbile yanayofanana na ya dume, na kwa sababu hiyo hakuna dume linaloweza kumpanda asipotaka mwenyewe. Mtu mmoja akaona ni afadhali kuzungumzia mvua.

Alipomaliza kuchanja alifunga boksi lake, akasema, "Sasa wazee, kamba mnazo, na mbwa wako kwenye kamba. Nendeni nao, mkawafunge kwenye mazizi yenu mpaka huyu jike atoke kwenye joto. Ni siku chache tu. Fisi watarudi kwao."

"Hilo ni wazo zuri," mwenyekiti akasema.

"Zuri kabisa," jirani yangu akasema.

Nilikuwa nimesimama pale na beseni la maji ya kunawa. Maneno yangu, yaleyale, neno kwa neno, yaliyowachekesha ghalani, sasa yalikuwa wazo zuri kabisa kwa sababu yametoka kwenye mdomo wenye ndevu mbili. Nilitamani kuwamwagia lile beseni. Badala yake niliwanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na wakanishukuru. Wakaondoka wanaburuta mbwa waliokuwa wanageuka nyuma kila hatua. Fisi walipokuja walikuta kelele kila boma, wakaenda zao. Habari ya kuua jike ikafa bila mtu kuifuta.

Alizaa wakati alizeti zinaanza kuvunwa, chini ya kihenge. Watoto hawakufanana. Weusi walikuwa wa jirani, hilo halikuhitaji mjadala. Wadogo wa manjano, wenye masikio marefu, walikuwa wa yule kilema, na hao ndio walikuwa wengi. Na mmoja, mmoja tu, alikuwa wa kahawia mwenye kifua cheupe.

Walipoanza kutembea, wanaume wale wale wakaanza kuja. Sasa nilikuwa "mama yetu". Kila mmoja alikuja kudai mtoto wa mbwa wake, kana kwamba walikuwa wameleta mahari. Nikawaambia sharti langu: anayechukua dume achukue na jike. Wengi wakaondoka wananung'unika, baadaye wakatuma watoto wao kuniuliza kama bado nina msimamo huo. Jirani yangu alichukua dume mweusi na akaniachia jike langoni alipodhani sioni. Nikamrudisha kwake, nikamweka juu ya kiti chake.

Mwenyekiti alifika akiwa na uso wa furaha. Alimwona wa kifua cheupe kutoka mbali. "Huyo ni wangu, hata kipofu anaona," akasema. Akamwinua kwa ngozi ya shingo, akamgeuza tumbo juu. Akatazama. Akamrudisha chini taratibu kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Huyu hapana," akasema.

"Ndiye pekee wa mbwa wako, mwenyekiti."

"Basi acha tu. Nitatafuta mnadani."

Alikwenda kweli. Siku ya mnada nilikuwa nachambua mlenda, nikasikia hodi. Mke wake. Hakuwa na mazoea ya kuja kwangu. Nikampa kigoda, nikamkaribisha uji, akakataa, akasema ana haraka.

"Dada, nimekuja kumchukua mtoto wetu."

Nilifikiri sijamwelewa. "Yupi?"

"Wa kifua cheupe."

"Mzee amebadili mawazo?"

"Mzee yuko mnadani anatafuta dume."

Nikamuuliza akirudi na kumkuta jike zizini mwake itakuwaje. Nilikuwa nauliza kwa hofu yangu, si kwa kumzuia. Alimtazama mtoto wa mbwa aliyekuwa anatafuna ncha ya kitenge chake.

"Wale mbuzi waliokufa," akasema, "ghalani kila mtu alikuwa anawaita mbuzi wa mwenyekiti. Na wewe uliwaita hivyo. Walikuwa wangu. Nilikuja nao kutoka kwetu, wengine nimenunua kwa alizeti yangu mwenyewe. Yeye hana hata mguu wa mbuzi pale."

Ni kweli, hata mimi niliwaita hivyo, hata leo nimeandika hivyo.

Alimfunga mtoto wa mbwa mgongoni kwa kitenge, kama anavyofungwa mtoto, kichwa chake kikachungulia begani. Nikamkumbusha kwamba akikua ataingia kwenye joto, na madume wa kitongoji kizima watahamia kwake, watavunja ua, watakula mayai, na watu wataitisha mkutano.

"Waje," akasema. Alikuwa ameshafika getini. "Mbwa nitawafukuza kwa mchi. Na hao wa mkutano watakuja nyumbani kwangu kunieleza mimi, mwenye mbuzi."